Familia ya Nani? Mazungumzo Yangu na Vijana wa Kanisa Kuhusu Karatasi Moja

UZI. Wengi mliniomba niweke hapa ile hotuba niliyowapa vijana wa kanisa letu Jumapili alasiri. Nimeiweka vile niliisoma, nimepunguza tu vicheko na majina. Sheria za ukurasa huu mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo chukua chai.

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena.

Namshukuru mchungaji kwa kunipa dakika ishirini. Aliniambia niongee kuhusu "kijana na siasa". Najua mlikuwa mnatarajia niwaambie mjisajili kama wapiga kura. Jisajilini. Hiyo imeisha. Sasa niwaambie kuhusu karatasi.

Mnakumbuka ile Jumapili palikuwa na meza karibu na lango, baada ya ibada ya pili? Watu wawili nadhifu, wapole, wakatupa kalamu. Fomu ilikuwa na safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, kaunti, sahihi. Juu yake kulikuwa na sentensi tatu zinazoliomba Bunge lilinde familia, na familia ikaelezwa kuwa ni baba, mama na watoto wao. Mamangu alitia sahihi. Mimi nikarudisha kalamu.

Kwa matatu hatukuongea. Tulipofika nyumbani ndio ikaanza. Akaniuliza, "Kwani huko chuo unasomea nini kama hujui familia inahitaji kulindwa?" Nikamwambia, "Mama, hiyo karatasi inasema familia ni baba, mama na watoto. Kwa hii nyumba baba ni nani? Sisi ni nini basi?"

Nilidhani nimeshinda. Aliweka sufuria chini, akaniangalia, akasema, "Ndiyo maana nimetia sahihi."

Nitarudi hapo. Kwanza tuelewe ile meza ilitoka wapi, maana mtandaoni kila mtu anaipigia kelele na wachache wanajua inavyofanya kazi.

Waliokuwa mezani wanatoka katika kitu tunachoita kundi la ushawishi. Chama cha siasa kinataka kiti. Kundi la ushawishi halitaki kiti, linataka yule aliye kitini afanye jambo fulani, au aache kulifanya. Halisimamishi mgombea wala halipigiwi kura. Na kundi la Wakristo linalotetea sera za familia si kanisa. Linaweza kuomba nafasi kanisani, na waumini wake wanaweza kuwa ni sisi, lakini lina ofisi yake, wanasheria wake na bajeti yake. Hapa Kenya tuna mfano unaojulikana, Kenya Christian Professionals Forum, jukwaa la wataalamu Wakristo wa fani mbalimbali. Jina lenyewe linasema: hawa ni watu wa taaluma, si maaskofu.

Sasa, wenzangu chuoni husema makundi haya yafungiwe kwa sababu "dini na siasa zisichanganywe". Hapo siko nao. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Hakisemi muumini anyamaze. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dini, cha 37 haki ya kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kila mtu. Mwenye biblia, mwenye msahafu, na asiye na chochote. Ukitaka kumnyima jirani yako haki ya kupeleka ombi kwa sababu hupendi maombi yake, kesho utanyimwa wewe.

Kwa hivyo swali langu si kama wana haki. Wanayo. Swali ni wanaitumiaje, na wanaitumia kwa faida ya nani.

Turudi nyuma kidogo. Wengi wenu mlikuwa chekechea mwaka 2010. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Wakenya walipiga kura ya maamuzi, kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Viongozi wengi wa makanisa walikuwa wekundu. Walipinga mambo mawili hasa: mahakama za Kadhi kutajwa katika Katiba, na kile kifungu kuhusu utoaji mimba. Kijani kikashinda kwa takriban theluthi mbili ya kura. Ukisoma magazeti ya wiki ile unaweza kufikiri kanisa lilipigwa likaisha.

Lakini fungua Katiba yenyewe. Kifungu cha 26 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kinaendelea kusema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine imeruhusu. Kifungu cha 45 kinasema familia ni kiini asilia cha jamii na lazima Serikali iilinde, na kwamba mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Hayo maneno hayakuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliketi, wakaandika, wakasukuma. Wakapoteza kura, maneno yao yakabaki.

Hilo ndilo somo la kwanza kuhusu makundi ya ushawishi. Sisi hushughulika na nani ameshinda. Wao hushughulika na sentensi.

Na sentensi hufanya kazi miaka mingi baadaye. Tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vile vinavyoharamisha mahusiano ya kimwili ya jinsia moja. Kenya Christian Professionals Forum walikuwa ndani ya kesi hiyo kama wahusika wenye maslahi. Majaji walitegemea, pamoja na mambo mengine, kile Kifungu cha 45. Sentensi ya 2010 ikazaa uamuzi wa 2019.

Halafu tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ikasema bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Mnakumbuka mtandao ulivyowaka? Watu wakasema ndoa za jinsia moja zimehalalishwa. Hapana. Mahakama iliongea kuhusu haki ya kujumuika na kusajili shirika. Kanuni ya Adhabu haikuguswa, wala Kifungu cha 45. Kama unapinga uamuzi ule, pinga ulichosoma. Kama unaushangilia, shangilia ulichosoma. Kabla mwaka haujaisha tayari kulikuwa na mswada wa kulinda familia ulioandaliwa na mbunge, wenye adhabu kali. Hofu ya watu ilikuwa imeshapata sentensi zake.

Sasa kuna kitu kitakachowashangaza wale mnaofikiri upande huu na upande ule hawawezi kukutana. Mwaka 2014 Bunge lilikuwa linapitisha Sheria ya Ndoa. Rasimu ilikuwa inamtaka mwanamume mwenye ndoa ya kimila apate idhini ya mke wa kwanza kabla ya kuongeza mwingine. Wabunge wanaume wakaiondoa hiyo sehemu. Wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Na ni nani mwingine alipinga? Baraza la Kitaifa la Makanisa. Watetezi wa haki za wanawake na makanisa walikuwa meza moja. Sheria ikatiwa sahihi hivyo hivyo.

Kwa nini nawakumbusha? Kwa sababu siku ile tishio kwa familia halikutoka ng'ambo. Lilikuwa limevaa suti, limekaa kwa kiti cha Bunge, na linacheka.

Tuongee basi kuhusu ng'ambo, maana hili ndilo tusi la kila upande. Huyu anasema, "Nyinyi mnalipwa na Wazungu kuleta tamaduni za kigeni." Yule anajibu, "Na nyinyi mnalipwa na Wazungu wa kanisa." Wasee, wote wana ukweli kidogo.

Chukua kesi moja. Msichana mdogo alipata ujauzito baada ya kubakwa, mimba ikatolewa mahali pasipo salama, akaumia vibaya, na mwaka 2018 akafariki. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kilikuwa kimeenda Mahakama Kuu, maana Wizara ya Afya ilikuwa imeondoa miongozo iliyowaelekeza wahudumu kuhusu utoaji mimba salama. Tarehe 12 Juni 2019 majaji watano wakasema kuiondoa ile miongozo ilikuwa kinyume cha Katiba. Sasa tazama jina la kesi yenyewe. Kwa upande mmoja kuna East Africa Center for Law & Justice, tawi la shirika la wanasheria wa kihafidhina la Marekani. Kama rafiki wa mahakama kuna Women's Link Worldwide, nalo ni la kimataifa. Msichana ni wa hapa, anayezikwa anazikwa hapa, lakini vitabu vya sheria vimekuja na ndege kutoka pande zote.

Tena Mei 2025, Africa Christian Professionals Forum waliandaa mkutano wa Afrika nzima kuhusu maadili ya familia hapa Nairobi. Tangazo la awali lilipotoka, watu mtandaoni waliona picha za wasemaji wakauliza: mkutano wa familia ya Kiafrika, mbona nyuso ni za wanaume Wazungu? Lilikuwa swali la haki. Lakini swali hilo hilo uliza pia mkutano wa afya ya uzazi ukifanyika hoteli kubwa, mfadhili akiwa ng'ambo. Pesa za nje hazifanyi hoja kuwa uongo. Zinafanya tu iwe lazima kuuliza: huyu mfadhili akiondoka kesho, hili jambo bado litakuwa shida yetu?

Na nyinyi mnaoishi kwa simu kama mimi, sikilizeni hapa. Watafiti wa Mozilla waliwahi kuchunguza hashtagi za Kenya zilizopinga mswada wa afya ya uzazi na mswada wa uzazi kwa njia ya kusaidiwa. Ripoti yao ilisema kampeni hizo zilikuwa za kupangwa, na ikazihusisha na CitizenGO, shirika la kihafidhina lililoanzishwa Uhispania. Yaani ile hasira uliyoamka nayo ukaisambaza kabla ya kupiga mswaki, huenda mtu aliiandika jana jioni akalipwa. Si upande mmoja tu unaojua kununua hashtagi, na hapa Kenya ni biashara. Lakini mkristo anayeambiwa asishuhudie uongo, akisambaza kitu asichokisoma, anajiita nani?

Haya. Turudi jikoni kwetu.

"Ndiyo maana nimetia sahihi," mamangu alisema. Nikanyamaza. Akakaa kwa kiti, akaanza kunihesabia. Nilipozaliwa alienda kwa chifu mara mbili, akaambiwa arudi na baba ya mtoto. "Sasa ningekuwa na uwezo wa kuja na yeye, ningekuwa nimeenda kwa chifu kufanya nini?" Tulicheka, lakini si kicheko. Ameuza mitumba miaka kumi na tisa. Karo yangu ya sekondari mnaijua, wengine wenu wazazi wenu walichanga kwa harambee hapa hapa. Akaniambia, "Mimi sikutia sahihi ili nijitukane. Nilitia sahihi kwa sababu nilitaka mtu mmoja kule Nairobi aseme kwamba mtoto anahitaji baba, na aseme kwa sauti, na kuwe na sheria."

Hapo ndipo niliona ujinga wangu. Mimi nilisoma maneno ya ile karatasi. Yeye alisoma maisha yake ndani yake. Nilikuwa nimemwona kama mtu aliyedanganywa, kumbe alikuwa na hoja, tena hoja ya sera kabisa: wanaume wawajibike.

Shida ni kwamba ile karatasi haikusema hivyo. Niliirudia, nilikuwa nimeipiga picha. Sentensi tatu, hakuna neno "matunzo". Hakuna karo, hakuna likizo ya uzazi, hakuna mahakama ya watoto. Jumapili iliyofuata nilimwendea yule kaka wa mezani, kwa heshima, nikamuuliza, "Kwenye hii kampeni yenu, baba aliyekimbia mnamfanya nini?" Hakunikasirikia. Akasema, "Dada, tunaanza na msingi. Hayo mengine yatafuata." Nadhani aliamini anachosema. Lakini mamangu amengoja hayo mengine miaka ishirini na mbili.

Na nikaona niende nikasome, kwa sababu hilo ndilo ninalolipiwa karo. Mnajua Kenya iliwahi kuwa na sheria iliyompa mwanamke asiyeolewa nafasi ya kumdai baba wa mtoto pesa za matunzo? Ilikuwepo tangu wakati wa ukoloni. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Bunge la nani? La wanaume. Ikaja Sheria ya Watoto ya 2001, ikasema kama wazazi hawajaoana, jukumu la kwanza ni la mama. Yaani yule chifu, pamoja na ukali wake, alikuwa anaongea kama sheria ilivyoongea.

Ni Katiba ya 2010 iliyogeuza. Kifungu cha 53 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na jukumu la baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sikilizeni hayo maneno tena: wawe wameoana au hawajaoana. Hiyo ndiyo sentensi mamangu alikuwa anaitafuta. Ilikuwa ndani ya ile Katiba ambayo kanisa letu liliipigia kampeni ya hapana, na iko hatua chache tu kutoka Kifungu cha 45. Sasa imeandikwa, lakini nenda mahakama ya watoto uone foleni. Uliza mama mmoja amepata shilingi ngapi, na baada ya miezi mingapi. Hapo ndipo familia inahitaji kundi la ushawishi.

Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Ukipita na fomu inayosema familia ni baba, mama na watoto, huyo msichana na mtoto wake wako safu gani? Na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi na baba wiki mbili. Mama wa mitumba halindwi nayo hata siku moja, kwa sababu hana mwajiri. Hayo pia ni sera za familia. Sijaona hashtagi yake.

Sisemi muache kupinga mnachopinga. Kuna wengine hapa wanaamini utoaji mimba ni dhambi, na hawatabadilika kwa hotuba yangu, wala sikuja kuwabadilisha. Kuna wengine wameketi nyuma wananyamaza kwa sababu wanaogopa tutawaona vibaya. Nataka nyote mtoke na kitu kimoja. Karatasi ikiletwa mbele yako, iwe na msalaba juu yake au upinde wa mvua, uliza mambo manne kabla ya kuandika nambari ya kitambulisho.

Kwanza, sentensi yenyewe inasema nini? Si kichwa chake. Sentensi.

Pili, ikiwa sheria, ni nani atakamatwa, nani atalipa, na nani atapata? Kama hakuna anayepata chochote, hayo ni mahubiri, na mahubiri tunayo tayari kila Jumapili.

Tatu, nani ameigharamia, na yuko tayari kusema?

Nne, nani hayupo kwenye karatasi? Angalia nyumba yako kwanza. Kisha angalia ya jirani.

Na kama karatasi haikutoshi, andika yako. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma, na kamati zikitangaza mswada gazetini huita maoni. Maoni hayahitaji wakili. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara. Kwa hivyo usiambiwe Kiingereza chako hakitoshi.

Mamangu ameandika yake. Ilituchukua jioni tatu, yeye akisema, mimi nikiandika kwa daftari. Hakufuta sahihi yake kwa ile fomu, na sikumwomba afute. Alisema bado anaamini mtoto anahitaji baba. Lakini barua yake kwa karani wa Bunge inaanza hivi: "Mimi ni mfanyabiashara wa nguo za mitumba na ni mama wa mtoto mmoja. Sisi ni familia." Kisha anaomba mambo mawili: kesi za matunzo ya watoto ziamuliwe haraka, na baba mwenye mshahara akatwe moja kwa moja kwa mwajiri. Kurasa moja na nusu. Tuliituma Jumatano.

Hatujajibiwa. Pengine hatutajibiwa. Lakini yule kaka wa mezani ameomba nakala, na nimempa.

Asanteni. Mungu awabariki.

MWISHO WA UZI. Kuna aliyeniuliza kama naweza kushiriki muundo wa ile barua ili naye aandike yake. Naweza, nitauweka kesho. Kama una swali, liweke hapa chini, hata kama hukubaliani nami. Matusi weka kwako.